Mwalimu Asiyeandika Kitabu

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kufundisha Kiswahili sekondari ni hili: "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Huulizwa kwa adabu, mkono juu, kalamu tayari. Ukisema ndiyo, vichwa vinainama na kalamu zinakimbia. Ukisema hapana, vichwa vinainama vilevile, ila kwa usingizi.

Mwezi uliopita aliyeniuliza alikuwa binti wa kidato cha nne, mmoja wa wale ambao chaki ikiisha wao ndio wanaoikimbilia ofisini. Nilikuwa nimetoka nje ya mada. Tulikuwa kwenye uundaji wa maneno, tukafika "mwanachuoni", nami nikawaambia kwamba watu wa pwani wa zamani kitabu walikiita chuo. Kimoja chuo, vingi vyuo. Na pale unapokwenda kufundishwa kukisoma, napo chuo. Basi mwanachuoni ni kama mtoto aliyelelewa ndani ya kitabu. Darasa likaanza kuchangamka, au nilijidanganya hivyo. Ndipo mkono ukapanda. Nikamjibu hapana, haitoki. Akashusha kalamu taratibu, akafunika daftari, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsubiri babu yake amalize hadithi aliyokwisha kuisikia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa namuwaza Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa wa Bara Hindi.

Si jina linalotajwa sana kwenye ofisi za walimu. Mimi nililipata dukani. Nilipokuwa mdogo, Ngamiani, Tanga, mama alikuwa akinunua vitambaa kwa mzee mmoja wa Kipunjabi. Duka lenyewe jembamba kama ujia, majora yamepangwa hadi darini. Mzee alipokuwa akipima kitambaa aliimba chini chini, wimbo uleule kila siku, na mwisho wa ubeti ndipo mkasi ulipoingia. Siku moja mama akamuuliza huo wimbo unasema nini. Akasema ni dua ya watoto wa shule, kwao walikuwa wakiiimba asubuhi mstarini, ameitunga Iqbal. Akatufasiria mstari mmoja kwa Kiswahili chake cha dukani: "Anasema, Mungu, maisha yangu fanya kama mshumaa." Akakata kitambaa, akakikunja, akataja bei.

Dua hiyo, inayojulikana kwa maneno yake ya mwanzo, *Lab pe aati hai dua*, Iqbal aliiandika mwaka 1902, na mpaka leo watoto wa shule nyingi za Pakistan na baadhi za India huiimba. Nilikuja kuisoma yote ukubwani, kwa tafsiri, maana Kiurdu sikijui. Mtoto anaomba awe mshumaa, giza la dunia liondoke kwa mwanga wake. Mistari michache mbele anaomba awe nondo, anayeupenda mshumaa wa elimu. Kisha anaomba kazi yake iwe kuwatetea maskini na kuwapenda wanyonge na wenye maumivu. Kwa hiyo mtoto yuleyule ndiye mwenye kuwaka na ndiye mwenye kuuzunguka moto wa mwingine. Nikiwatajia vijana wangu nondo, wanajua chuma cha kujengea, au zile nondo zinazoshushwa siku ya mdahalo. Mdudu mwenyewe hawamjui kwa jina hilo, ingawa kila usiku anajigonga kwenye taa ya darasa wanalojisomea.

Iqbal alizaliwa Sialkot, mji wa Punjab ulioko Pakistan ya leo, mwaka 1877, baba yake fundi wa kushona. Alikwenda mbali: Lahore, kisha Cambridge mwaka 1905, uanasheria London, shahada ya udaktari wa falsafa Munich kwa utafiti juu ya fikra za Uajemi. Aliandika mashairi kwa Kiurdu na Kiajemi, akatoa mihadhara ya falsafa kwa Kiingereza, na Waingereza wakampa cheo cha Sir. Watu wengi wanamjua kwa siasa, kwa kuwa Wapakistani wanamhesabu miongoni mwa waasisi wa taifa lao ingawa alifariki mwaka 1938, miaka tisa kabla halijazaliwa. Siasa hizo leo naziacha. Ninachokitaka ni hicho cheo cha Sir, kwa sababu kina kisa.

Kule Sialkot Iqbal alikuwa na mwalimu aliyeitwa Sayyid Mir Hasan, mjuzi wa Kiarabu na Kiajemi, aliyefundisha katika chuo cha wamisionari wa Kiskoti huku akiwa Mwislamu safi kabisa. Inasimuliwa kwamba gavana wa Punjab alipomweleza Iqbal habari ya cheo, yeye akasema kwanza mwalimu wake apewe heshima yake, aitwe Shams-ul-Ulama, Jua la Wanavyuoni. Gavana, mtu wa mafaili, akauliza: huyo mwalimu ameandika vitabu gani? Iqbal akajibu: kitabu chake ni mimi hapa. Mzee akapewa cheo.

Kisa hiki nimekisoma mahali pengi, na kila msimulizi anakitumia kuonyesha jinsi Iqbal alivyokuwa na adabu kwa mwalimu. Ni kweli, lakini mimi naona kuna kubwa zaidi. Gavana aliuliza swali la haki kwa mtu wa kazi yake: tuonyeshe ushahidi. Na Iqbal hakusema kwamba ushahidi hauna maana. Alisema umetazamwa mahali pasipo pake. Mawazo yake yote ya elimu, nionavyo mimi, yamo ndani ya jibu lile. Elimu ni kile kinachobaki ndani ya mtu baada ya daftari kufungwa, na mtu huyo ndiye anayesomwa na wenzake.

Katika *Zarb-e-Kalim*, diwani yake ya mwaka 1936, kuna sehemu nzima aliyoiita elimu na malezi, na humo mna shairi fupi kwa mwanafunzi. Analifungua kwa dua inayotisha: Mungu akukutanishe na tufani, maana mawimbi ya bahari yako hayana msukosuko. Halafu anamalizia, nami nafasiri kwa kadiri ya uwezo wangu: huwezi kuachana na kitabu, kwa kuwa wewe ni msomaji wa kitabu, si mwenye kitabu. Kwa Kiurdu ni mchezo wa maneno mawili, *kitab khwan* na *sahib-e-kitab*. Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu Mswahili ameshaumbiwa maneno hayo. Kuna mwenye kwenda chuo na kuna mwanachuoni. Wa kwanza anakwenda na kurudi.

Qurani ina mfano mkali zaidi. Katika Surat al-Jumu'a, waliobebeshwa Taurati kisha wasiibebe wamefananishwa na punda aliyebeba vitabu. Sisi wa pwani punda tunamjua. Anajua njia, anajua uzito, anajua hata kona ya kupumzikia. Alichobeba ndicho asichokijua.

Kuelewa hasira ya Iqbal inabidi ukumbuke alisoma wakati gani. Mwaka 1835 Macaulay, afisa wa Kiingereza huko India, alikuwa ameandika bila kificho kwamba wanataka tabaka la watu walio Wahindi kwa damu na rangi lakini Waingereza kwa ladha, maoni, maadili na akili. Shule zikajengwa kwa ramani hiyo. Upande wa pili Waislamu wakajihami kwa madrasa, kama ile ya mji wa Deoband iliyoanzishwa mwaka 1866, ambako elimu ya wahenga ililindwa kama hazina kwenye sanduku. Katikati wakawapo Waislamu wa mji wa Aligarh, waliofungua chuo chao mwaka 1875 wakitaka sayansi ya Kizungu na dini pamoja. Iqbal hakumwachia mtu. Vijana wa kolleji aliwaona wamejifunza kushuku kila kitu isipokuwa mwajiri wao. Na juu ya madrasa alisema: watu wa madrasa wamekukaba koo, sauti ya *la ilaha illallah* itatokea wapi?

Maneno hayo, tena kutoka kwa Mwislamu mcha Mungu, yangemletea mtu matatizo hata leo.

Lakini alichopendekeza badala yake ni nini? Alitumia neno *khudi*. Katika Kiajemi cha kawaida ni neno baya, ni kiburi, ni kujiona. Yeye mwaka 1915, kwenye utenzi wake *Asrar-e-Khudi*, akaligeuza: nafsi inayojijua, inayojijenga kwa kutamani makubwa, kwa kutii kwanza, kisha kujitawala, mpaka ifae kuwa khalifa wa Mungu ardhini. Kiswahili kina mkwaruzo uleule. Nafsi ukiipa kiambishi kidogo inakuwa ubinafsi, nao tunaupiga vita kila mkutano. Hoja yake ilikuwa kwamba mtumwa wa kufikiri haponywi kwa kuhubiriwa unyenyekevu, unyenyekevu anao tele. Anaponywa kwa kuambiwa kwamba yumo mtu ndani yake. Na dibaji ya mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1930 inaanza kwa kusema kwamba Qurani ni kitabu kinachotilia mkazo tendo kuliko wazo. Humo humo anasisitiza kwamba maumbile na historia ni milango ya maarifa kama ulivyo moyo wa mtu, na kwamba kuutazama ulimwengu na kuupima ni jambo la ndani kabisa ya Uislamu, si mkopo wa Ulaya. Ukimsoma mwanafalsafa huyu halafu ukakuta kijana anaambiwa achague kati ya dini na maabara, unaona jinsi tulivyomrudisha nyuma.

Sasa nije kwa ndege. Ubeti wake unaonukuliwa sana na walimu ni ule wa malalamiko: nina mashitaka kwako, Mola, juu ya wakubwa wa shule, makinda ya *shaheen* wanayafundisha kuchezea vumbi. Nimehangaika na neno hili shaheen. Wengine wanaliandika tai, lakini nikiwaambia wanafunzi wangu tai wanashika shingo zao za sare. Mwewe hafai kabisa, kwetu ni mwizi wa vifaranga, akionekana mtoto anatumwa mbio kufukuza. Aliyebaki ni kozi, ndege mwindaji ambaye vijana wengi hawamjui hata kwa jina, na ndiye mwenyewe. Katika shairi lingine Iqbal anampa shaheen sauti, naye anasema: mimi ni darweshi wa ulimwengu wa ndege, shaheen hajengi kiota. Anasema hana njaa ya njiwa. Anaruka, anashuka, anageuka, anashuka tena, ili tu damu ibaki na moto. Wazee wetu walikuwa na methali yao: kozi mandanda, kulala na njaa kupenda. Kozi akilala na njaa ni kwa hiari yake. Punjab na pwani ya Afrika Mashariki hazikupeana barua juu ya ndege huyu, lakini zilimtazama kwa jicho moja.

Na kuchezea vumbi, je? Hapo ndipo najiona. Mimi ninazo bahasha tatu za mitihani ya miaka iliyopita, nimezipanga kwa mada, najua swali la fasihi simulizi limejirudia mara ngapi. Jumamosi nafundisha tuisheni, na nauza hasa uwezo wa kubashiri. Wazazi wananishukuru. Ninapowaambia vijana "hii lazima itoke, karirini", makinda yanainamia vumbi kwa bidii kubwa. Ila Iqbal naye asinipande kichwani. Miaka mingi alikuwa mtahini wa Chuo Kikuu cha Punjab, akitunga maswali na kusahihisha kwa malipo, na aliwahi kushirikiana na mwenziwe kuandika vitabu vya Kiurdu vya shule. Alijua vumbi lilivyo, alilipwa kwa kulitandaza.

Kuna kisa cha nyumbani kwake kinachonipendeza kuliko falsafa yote. Mwanawe Javid alizaliwa mwaka 1924. Iqbal alipokuwa London kwa mikutano ya katiba ya India, mtoto akamwandikia barua ya kwanza ya maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba alichoomba ni gramafoni. Baba akamjibu kwa shairi. Shairi kweli lipo, na kichwa chake kinataja barua hiyo. Linamwambia mtoto ajitafutie mahali pake katika nchi ya mapenzi, aumbe zama mpya, asubuhi mpya na jioni mpya. Linamalizia: njia yangu si ya utajiri, ni ya ufakiri, usiuze nafsi yako, pata jina ukiwa maskini.

Mimi ni baba, nawajua watoto. Mtoto wa miaka saba au minane anangoja santuri, inafika karatasi. Leo shairi hilo wanalikariri watu wazima, wengine machozi yanawatoka, lakini siku ilipofika bahasha sidhani kama kulikuwa na furaha katika nyumba ile. Hata hivyo sijaacha kulipenda. Ni shairi la baba anayejua kwamba hayupo nyumbani, anajaribu kulea kwa posta.

Mwaka 1933 mfalme wa Afghanistan, Nadir Shah, alimwalika Iqbal na wenzake wawili, Ross Masood na Sulaiman Nadvi, waende Kabul kushauri juu ya elimu na chuo kikuu kipya. Kabla ya safari Iqbal alitoa kauli kwamba kuitenga elimu na dini kabisa hakujaleta tija popote, hasa nchi za Waislamu, lakini pia kwamba hakuna mfumo wa elimu ulio wa mwisho, kila nchi itazame mahitaji yake. Walikwenda, wakashauri, wakarudi. Tarehe 8 Novemba mwaka uleule mfalme akauawa kwa risasi, katika hafla ya kuwapa wanafunzi zawadi, na aliyempiga risasi alikuwa mwanafunzi. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi na bado sijui niliweke wapi katika makala kama hii. Naliweka hapa.

Kuna pahala simfuati hata hatua moja. Katika diwani ileile ya *Zarb-e-Kalim* anasema elimu inayomfanya mwanamke asiwe mwanamke, wenye kuona mbali wanaiita mauti. Mtetezi atasema alikuwa akiipinga elimu ya kikoloni tu. Sawa, lakini kozi wa kiume anaambiwa aruke, kozi wa kike anaambiwa achunge asije akabadilika manyoya. Tena mkewe alipofariki mwaka 1935, Iqbal akamwajiri mwanamke wa Kijerumani awalee Javid na mdogo wake wa kike, Munira. Maisha yake yalikuwa mapana kuliko ubeti wake. Yule binti wangu wa kidato cha nne, aliyefunika daftari, ndiye anayeongoza darasa, na kama kuna kinda la kozi mle ndani ni yeye. Kosa la kumfundisha vumbi ni letu.

Ubeti mwingine wa Iqbal unauliza: ilikuwa baraka ya jicho, au karama ya shule? Nani alimfundisha Ismail adabu ya kuwa mwana? Anamsema Nabii Ismail aliyemwambia baba yake atende alichoamrishwa. Baraka ya jicho ni kutazamwa na mtu, kwamba kuna elimu inayopita kwa kukaa karibu na mtu tu.

Maalim wangu wa chuo alikuwa mkali. Bakora yake ya mpera naikumbuka kuliko uso wake, na wala simsifu kwa hilo. Tulikaa mkekani barazani kwake, juzuu mapajani, kila mmoja na sura yake, kelele kama soko la samaki. Siku moja wawili watatu tulikuwa tunasoma *Abasa*, kwa ghibu, mbio mbio. Akagonga bakora chini, tukanyamaza. Akauliza: "Mmeisoma mara mia. Nani kaisikia?" Hakuna aliyejibu. Akatueleza kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, kwamba Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makka, akaja kipofu, naye akakunja uso. Na Mungu akamteremshia Mtume wake mwenyewe maneno ya kumlaumu kwa ajili ya kipofu yule.

Sasa, mlangoni mwa msikiti wetu alikuwa akikaa mzee kipofu, na sisi watoto wa chuo tulikuwa na mchezo wa kuihamisha fimbo yake. Maalim alijua. Hakututaja. Akasema, "Funikeni juzuu," akasimama, tukamfuata hadi msikitini, akatupanga mstari, na mmoja mmoja tukampa mzee mkono, tukasema shikamoo, tukataja majina yetu na ya baba zetu. Mzee alikuwa akirudia kila jina, polepole, kama anayehifadhi. Kuanzia siku ile alitujua kwa sauti, na huwezi kumwibia fimbo mtu anayekuita kwa jina la baba yako.

Kuna mistari Iqbal aliwaandikia walimu: mwalimu ni mjenzi, na kazi ya mkono wake ni roho ya mtu. Halafu anaongeza neno la mshairi wa Kiajemi, Qaani: usijenge ukuta mbele ya jua kama unataka ua wa nyumba yako uwe na mwanga.

Maalim alifariki miaka mingi iliyopita. Nilikwenda kuhani, na baada ya siku tatu wanawe wakaniita niwasaidie kupanga vitu vyake, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, walidhani kutakuwa na maandishi. Tulipata msahafu, juzuu chakavu, kitabu cha maulidi na kalenda za zamani. Na daftari moja kubwa lenye mistari, la ada ya kila wiki, majina yetu yote kwa hati za Kiarabu, vijistari mbele ya waliolipa na vitone mbele ya wasiolipa. Nilikaa chini nikalifungua. Jina langu nililikuta ukurasa wa tatu, kati ya majina mawili ya watu ambao siku hizi mmoja yuko Muscat na mwingine ana gereji Korogwe. Nilihesabu vitone. Mpaka naondoka chuoni nilikuwa nadaiwa wiki sita.